Maswali ya Wasomaji: Ukialikwa kwenye Misa ya Kilatini

Mwezi huu barua kadhaa zimetufikia kuhusu jambo moja. Wasomaji wetu Wakatoliki, wengi wao wakiishi ughaibuni, wamealikwa au wamejikuta katika parokia zinazoshika mapokeo ya zamani ya ibada, yaani Kilatini, ubani, nyimbo za Kigregori na kimya kirefu, nao wanataka kujua jinsi ya kushiriki bila kuona haya. Tumezifupisha barua kwa sababu ya nafasi, na majina tumeyaacha.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Moshi, na sasa ninaishi London. Mfanyakazi mwenzangu amenialika Dominika ijayo twende kanisa la Brompton Oratory kwenye Misa ya saa tano asubuhi, ambayo anasema huimbwa yote kwa Kilatini. Je, Misa hiyo itahesabika kwamba nimetimiza amri ya Dominika? Nifunike kichwa? Nitajuaje wakati wa kusimama na wa kupiga magoti, na Komunyo nitaipokeaje? Nina watoto wawili, wa miaka minne na saba. Niwaache nyumbani?

JIBU: Milele na milele, dada. Nianze na amri ya Dominika, kwa kuwa ndilo swali jepesi kuliko yote. Kanuni ya 1248 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba anayeshiriki Misa inayoadhimishwa popote kwa madhehebu ya Kikatoliki, yaani kwa utaratibu wowote wa ibada wa Kikatoliki, siku yenyewe ya sikukuu au jioni ya siku iliyotangulia, ametimiza wajibu wake. Haisemi lazima uelewe lugha. Babu na bibi zetu walitimiza amri hiyo kwa Kilatini kwa miaka mingi kabla ya Misa ya Kiswahili kuwapo.

Baada ya hapo tenganisha mambo mawili ambayo watu wengi, hata mapadre wengine, huyachanganya, nayo ni lugha na misale, yaani kitabu chenye sala na taratibu za Misa. Misa inaweza kuwa ya Kilatini kabisa na bado ikawa Misa ile ile unayoijua kutoka Moshi, yaani ile ya misale iliyotolewa na Papa Paulo VI na kuanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio, tarehe 30 Novemba 1969. Nyingine ni Misa ya misale ya zamani, ambayo chapa yake ya mwisho ilitolewa mwaka 1962 chini ya Papa Yohane XXIII, na ambayo mizizi yake ni misale ya Papa Pio V ya mwaka 1570. Misa kuu ya saa tano pale Oratory ni ya aina ya kwanza. Mapadre wa Oratorio, wafuasi wa Mtakatifu Filipo Neri walioanza kazi yao London mwaka 1849 chini ya Padre Faber, wana desturi ya kuiadhimisha misale mpya kwa Kilatini, kwa kwaya ya hali ya juu, huku padre akielekea upande uleule wanaoelekea waamini. Kwa hiyo mpangilio wa Misa utautambua tangu mwanzo hadi mwisho: toba, Utukufu, masomo, Nasadiki, matoleo, Baba Yetu. Mahubiri ni ya Kiingereza. Masomo ya siku hiyo ni yale yatakayosomwa nyumbani, isipokuwa kwenye sikukuu ambazo maaskofu wa nchi moja huzihamisha na wa nchi nyingine huziacha mahali pake, hivyo yasome usiku wa Jumamosi katika Biblia yako ya Kiswahili, na utakuwa umemaliza nusu ya kazi ya kufuatilia.

Kama rafiki yako atakupeleka siku nyingine kwenye Misa ya misale ya 1962, hapo ujiandae zaidi. Padre huanza chini ya ngazi za altare kwa Zaburi ya 42 kwa hesabu ya Biblia ya Kilatini, na anayemjibu ni mtumishi, kwa sauti ambayo huenda usiisikie. Sala kuu ya Ekaristi yote husemwa kwa sauti ya chini, na kengele ndiyo itakayokujulisha kwamba hostia, kisha kikombe, vinainuliwa. Baba Yetu huimbwa na padre peke yake, na waamini hujibu maneno ya mwisho tu. Hapa ndipo wageni wengi kutoka kwetu huanza kuimba na kujikuta wako peke yao. Hakuna kupeana amani kwa mikono, wala maandamano ya matoleo. Baada ya baraka padre husoma mwanzo wa Injili ya Yohane, na kila mtu hupiga goti anapotaja kwamba Neno alifanyika mwili. Kalenda nayo ni tofauti. Masomo hurudi kila mwaka badala ya kila baada ya miaka mitatu, na sikukuu ya Kristo Mfalme huangukia Dominika ya mwisho ya Oktoba. Usishangae basi ukisikia Injili ambayo hukuiandaa.

Kuhusu kusimama na kupiga magoti, ushauri wangu ni mmoja tu: usikae benchi la mbele. Kaa katikati, nyuma ya watu wanaoonekana kuijua njia, na uwafuate. Misale ya 1962 haina karibu agizo lolote linalowahusu waamini katika jambo hili. Kilichopo ni desturi, na desturi hutofautiana kati ya nchi na nchi, hata kati ya Misa inayosomwa na ile inayoimbwa. Ukikosea hakuna atakayeshtuka. Mabenchi yenyewe yamejaa watu wanaochungulia wenzao.

Kufunika kichwa hakulazimishwi. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 ziliwataka wanawake wafunike vichwa, katika kanuni ya 1262, lakini Sheria za mwaka 1983 hazina agizo hilo. Katika makanisa ya namna hii utakuta wanawake wenye mtandio wameketi pamoja na wasio nao. Ukipenda, weka mtandio mkobani na uamue ukifika. Lakini usiuvae kwa sababu ya kumwogopa mtu.

Komunyo ndilo jambo ambalo ningependa ulijue mapema, maana si la kujifunzia foleni. Waamini husogea hadi kwenye ukingo ulio mbele ya altare, hupiga magoti kwa safu, na padre hupita mbele yao. Katika Misa ya zamani hupokelewa kwa ulimi. Inua kichwa kidogo, fumba macho ukipenda, usiisogeze shingo kwenda kuifuata hostia. Padre husema sala ndefu kidogo ya Kilatini inayoishia na Amina, na Amina hiyo ni yake, kwa hiyo wewe usijibu kitu. Katika Misa ya misale mpya, hata ikiwa ya Kilatini, husema "Corpus Christi" nawe hujibu "Amen". Kama magoti yako yanauma, simama; maagizo ya Vatikano ya mwaka 2004 kuhusu Ekaristi yanasema wazi kwamba mwamini asinyimwe Komunyo kwa sababu tu amepiga magoti au amesimama. Na kama hujajiandaa kupokea, baki kwenye benchi kwa amani. Katika parokia hizi watu wanaobaki ni wengi na hakuna anayewahesabu. Mara nyingi pia padre huwamo katika kiti cha maungamo kabla ya Misa, pengine hata Misa ikiendelea, jambo ambalo kwetu tumeanza kulisahau na ambalo mimi nalionea wivu.

Watoto wachukue. Yule wa miaka saba atavutwa na chetezo, kengele na watumishi wanaotembea kwa mpangilio kuliko unavyodhani. Yule wa miaka minne atachoka kabla ya Nasadiki, kwa sababu Misa kuu iliyoimbwa yaweza kupita saa moja na robo. Kaeni pembeni karibu na mlango, na ukihitaji kutoka naye, toka.

SWALI: Nilitazama kwenye simu Misa moja ya Kilatini iliyorushwa kutoka Ulaya. Padre aliwapa waamini mgongo karibu muda wote. Je, si dharau kwa watu wa Mungu? Nilidhani Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikataza. *Msomaji, Dodoma.*

JIBU: Mtaguso, yaani ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, haukukataza, na ukiisoma hati yake juu ya Liturujia, iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, hutakuta humo agizo lolote la kumgeuza padre. Kilichofuata ni maelekezo ya utekelezaji ya Septemba 1964, yaliyoshauri altare kuu ijengwe mbali na ukuta ili padre aweze kuizunguka na kuadhimisha akiwaelekea watu. Ushauri huo ulipokelewa upesi mno duniani kote, hata kizazi kilichozaliwa baadaye kikadhani kwamba ni amri. Misale ya sasa yenyewe, mahali kadhaa, humwambia padre "akiwageukia watu" aseme hili au lile, maneno ambayo yasingekuwa na maana kama ingedhaniwa kwamba daima amewaelekea.

Tangu karne za mwanzo Wakristo walisali wakielekea mashariki, upande linakochomoza jua, kama ishara ya kumngojea Kristo atakayerudi. Padre na waamini walielekea huko pamoja. Basilika ya Mtakatifu Petro mjini Roma imejengwa milango yake ikiwa mashariki, hivyo padre anayesimama kwenye altare kuu na kuelekea mashariki anajikuta amewaelekea watu! Kwa hiyo swali la mwanzoni halikuwa nani anamwona nani. Nakubali kwamba kwa mtu aliyezoea kuuona uso wa padre, mgongo wake kwa saa nzima ni kitu kigumu, na sidhani ni dhambi kuuona ugumu huo. Lakini neno dharau liondoe.

SWALI: Baba yangu ana umri wa miaka themanini na mitatu. Akiwa mtoto alitumikia Misa, na majibu yote ya Kilatini ameyahifadhi kwa ghaibu hadi leo. Rafiki yake humwalika kwenye kanisa dogo la mapadre wa Udugu wa Mtakatifu Pio X hapa Nairobi. Katekista wetu anasema Misa hiyo imepigwa marufuku na Papa. Nani mkweli? *Msomaji, Nairobi.*

JIBU: Katekista wenu amechanganya maswali mawili, moja la misale na moja la mapadre, nami nitayajibu moja moja.

Misale ya 1962 haikupigwa marufuku, iliwekewa mipaka. Tarehe 7 Julai 2007 Papa Benedikto XVI alimruhusu kila padre wa madhehebu ya Kilatini kuitumia. Tarehe 16 Julai 2021 Papa Fransisko aliubadili utaratibu huo kwa hati mpya. Tangu hapo ni askofu wa jimbo anayeruhusu Misa hiyo iadhimishwe wapi na siku gani, masomo yasomwe kwa lugha ya watu, na vikundi husika visikutane katika makanisa ya parokia. Februari 2023 Vatikano ikaongeza kwamba ruhusa ya kutumia kanisa la parokia, na ruhusa ya padre aliyepewa daraja baada ya hati ile, lazima zipitie Roma. Hii ndiyo sababu leo mahali pamoja utaikuta Misa ya zamani kila Dominika na mahali pengine hakuna kabisa. Yapo pia mashirika, kama ule Udugu wa Kipadre wa Mtakatifu Petro ulioundwa mwaka 1988 kwa idhini ya Papa Yohane Paulo II, ambayo Papa Fransisko aliyathibitishia mwaka 2022 kuendelea na vitabu vya zamani.

Udugu wa Mtakatifu Pio X ni habari nyingine. Uliasisiwa mwaka 1970 na Askofu Mkuu Marcel Lefebvre, mtu ambaye Afrika aliijua vizuri, kwa kuwa alikuwa mmisionari Gabon, kisha Askofu Mkuu wa Dakar, kisha mkuu wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lile lile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Tarehe 30 Juni 1988 aliwaweka wakfu maaskofu wanne bila idhini ya Papa, na adhabu ya kutengwa ikatangazwa. Mwaka 2009 Papa Benedikto XVI aliwaondolea adhabu hiyo maaskofu wale wanne, lakini katika barua yake ya Machi mwaka huo aliandika kwamba Udugu hauna hadhi ya kisheria katika Kanisa na mapadre wake hawatekelezi huduma kihalali. Papa Fransisko baadaye aliruhusu maungamo yanayosikilizwa nao yawe halali, na mwaka 2017 akafungua njia ya kushughulikia ndoa za waamini wao. Kwa maneno mengine, mapadre wale ni mapadre kweli na Misa yao ni Misa, ila hawaiadhimishi chini ya askofu wenu.

Kwa hiyo kwanza uliza ofisi ya jimbo kuu kama kuna mahali palipoidhinishwa Misa ya zamani, na kama hapapo, mwombe paroko wenu aruhusu Utukufu na Nasadiki ziimbwe kwa Kilatini siku za sikukuu, jambo ambalo halihitaji ruhusa ya mtu mwingine yeyote, kwani hati ile ya Mtaguso ya mwaka 1963 inataka, katika kifungu cha 54, waamini waweze kusema au kuimba kwa Kilatini sehemu zinazowahusu. Mzee wako ataimba kuliko kwaya nzima. Na tafadhali, katekista asimfokee mtu wa umri huo mbele ya jumuiya kwa sababu ya sala alizofundishwa na Kanisa lenyewe.

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Bukavu na ninaishi Houston, Texas. Nikiwa safarini katika jimbo jingine la Marekani nilisali kwenye parokia ya mapokeo. Hapakuwa na ngoma wala makofi, na Misa ilipokwisha hakuna aliyenisalimu. Mimi nimelelewa katika Misa tunayocheza. Je, watu hawa wanatuona sisi kuwa Wakatoliki nusu?

JIBU: Pole, ndugu yangu. Sitataka kukisia mioyo ya watu nisiowajua, lakini naweza kukueleza mambo mawili uliyoyaona.

Misa ya namna ile ikiisha, waamini wengi hubaki wamepiga magoti kwa dakika kadhaa za shukrani, na kuzungumza ndani ya kanisa huonekana kama kumkatiza mtu katikati ya sala. Salamu, chai na vitafunio hungoja nje au ukumbini. Tena parokia hizi mara nyingi si za mtaa. Chukua mfano wa parokia ya Mtakatifu Yohane Kanti ya Chicago, iliyoanzishwa na wahamiaji kutoka Poland mwaka 1893. Karne moja baadaye mtaa ulikuwa umebadilika na kanisa lilikuwa limebaki na watu wachache, na liturujia ya Kilatini na muziki ndivyo vilivyolifufua, kwa kuwavuta waamini kutoka pembe zote za mji na nje yake. Kanisa la namna hiyo hujaa watu waliosafiri kwa gari kila mmoja kivyake, na wengi hawajuani hata wao kwa wao. Kwetu anayekaa benchi moja nawe ni wa jumuiya yako ndogo ndogo, na anajua mtoto wako anaumwa. Hayo yote yanaeleza ukimya ulioukuta. Hayaondoi ukweli kwamba mgeni aliyetoka bila kusalimiwa amekosewa, na paroko wa mahali popote akisoma barua yako angepaswa kuona aibu.

Kuhusu ngoma, usikubali mtu akuambie kwamba zenu ni upungufu, nawe usiwaambie wao kwamba kimya chao ni ubaridi. Misale ya Kirumi kwa ajili ya majimbo ya Zaire, yaani Kongo yenu ya leo, iliidhinishwa na Roma mwaka 1988. Watakatifu na wahenga huitwa mwanzoni, toba na kupeana amani huja baada ya mahubiri na Nasadiki, na wakati wa Utukufu altare huzungukwa kwa kucheza. Hiyo ni liturujia ya Kirumi yenye muhuri kamili. Na hati ile ile ya Mtaguso iliyosema katika kifungu cha 116 kwamba nyimbo za Kigregori zipewe nafasi ya kwanza katika liturujia ya Kirumi, ilisema katika kifungu cha 119 kwamba muziki wa mataifa yaliyoinjilishwa uheshimiwe ipasavyo. Wapenzi wa Kilatini hupenda kunukuu cha kwanza, sisi hupenda kunukuu cha pili, na maaskofu wale walivipigia kura vyote viwili siku moja. Kifungu cha 30 kinaweka makofi yetu na kimya chao mahali pamoja, kwa maana kikihesabu njia za waamini kushiriki hutaja nyimbo, majibu na matendo ya mwili, kisha kinaongeza kwamba kimya kitakatifu nacho kishikwe kwa wakati wake.

Ukipita tena huko, nenda ukumbini baada ya Misa na uwaambie umetoka Bukavu.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi hapa Roma na nitakwenda na wenzangu kwenye Misa ya zamani katika parokia ya Santissima Trinità dei Pellegrini. Je, tunaweza kupiga picha na kurekodi nyimbo ili tuwatumie nyumbani?

JIBU: Wakati wa Misa, hapana, hata kama utaona watalii wakifanya hivyo. Misa ikiisha na watu wakishamaliza shukrani zao, mtafuteni mtunza sakristia, mwombeni ruhusa ya kupiga picha za altare, na msiwalenge waamini wanaosali. Kuhusu nyimbo, ulizeni wanakwaya wenyewe; huenda wanazo rekodi nzuri kuliko zitakazotoka kwenye simu zenu.